Bustani ya Nyumbani: Ua Wenye Maua

Juma hili twazungumzia kichaka ambacho wengi hukiona adui: kile Waganda wakiitacho matovu, na Wanyarwanda igitovu. Majani yake yana meno yenye miiba, nayo hubaki mabichi mwaka mzima. Maua yake ya rangi ya waridi husimama kwenye ncha za matawi mfano wa masuke, na nyuki huyafuata.

Mama aishiye katika nyumba za serikali aweza kuuliza: kwa nini nioteshe ua, hali mume wangu aweza kuhamishwa mwezi ujao? Swali hilo ni la haki. Lakini seng'enge hutaka fedha. Matovu hutaka jembe na subira. Na mtoto atakayecheza ndani ya ua huo, awe wako au wa mwenzio atakayekufuata, ni mtoto wetu.

Mvua zianzapo, chimbua miche midogo iliyoota chini ya vichaka vikubwa, pamoja na udongo wa mizizi yake. Vaa viatu, na ufunge mikono kwa gunia. Panda kwa mstari, hatua moja baina ya mche na mche, kisha umwagilie mpaka ishike.

Usiuache ua ujiendee. Kichaka hiki hupita kimo cha mtu, basi ukikate kifikie kifuani. Matawi yaliyokatwa yaokotwe yote siku hiyo hiyo, kwani watoto hukimbia peku. Yakikauka, ni kuni.

Jambo kubwa ni mbegu. Vitumba vyake vikikauka hupasuka na kuzirusha mbali. Katika msitu wa Kibale, magharibi ya Uganda, sehemu zilizokatwa magogo mwishoni mwa miaka ya 1960 zilivamiwa na matovu, hata miti ikashindwa kurudi kwa miongo ya miaka. Kwa hiyo kata masuke mara maua yanyaukapo, wala usipande kando ya shamba au msitu.

Na amri ya uhamisho ikifika, kabla hujafunga mizigo, mwite jirani au mgeni wako, umwonyeshe mahali pa kukata na wakati wake. Ua usio na wa kuutunza humgeukia mwenye nyumba.