Fomu Yako Ndefu Inaua Mhusika Wako

Mhusika wangu wa kwanza alikuwa na fomu ya kurasa 11. Aliitwa Zuhura, fundi wa simu Luthuli Avenue. Nilijua urefu wake, jina la babu yake, hata sababu ya yeye kutokula mayai. Nilimjenga wiki tatu. Kisha hadithi ikaanza, mhusika wa mwenzangu akamwomba Zuhura 200 bob, nami nikakwama. Nikarudi kwenye fomu. Ukurasa wa 4 ulisema ni mkarimu. Ukurasa wa 7 ulisema haamini watu. Sasa anatoa ama hatoi?

Kama hujawahi kucheza, mambo ni hivi: watu wanne au watano wanaandika hadithi moja kwa zamu kwenye kundi la WhatsApp, kila mmoja na mhusika wake. Wangu anasema, wako anajibu. Lakini kabla hujaandika hata sentensi moja, makundi mengi yanakudai fomu: umri, sura, utoto, hofu, nguvu, udhaifu.

Fomu hizi tumezirithi kutoka kwa michezo ya mezani. Dungeons & Dragons ilipotoka Marekani mwaka wa 1974, mhusika alisimama juu ya namba sita, za mambo kama nguvu, akili na wepesi. Kila namba ilitoka kwa kurusha dadu tatu, kwa hivyo ilikuwa kati ya 3 na 18. Zile namba zilikuwa na kazi mchezoni. Sisi hatuna dadu. Tulibaki na fomu, tukaijaza rangi ya macho.

Haya, fomu ina haki yake pia. Nimewahi kuandika na msee ambaye mhusika wake alikuwa mchuuzi wa mitumba Jumatatu, na kufikia Alhamisi anajua karate, anasoma mawazo ya watu na risasi hazimpati. Mtu kama huyo anahitaji karatasi inayosema: hapa ndipo mwisho wako. Fomu pia inakumbuka. Jicho lililotoboka sura ya tatu halifai kuona sura ya tisa.

Lakini hayo yote yanatosha mistari mitano. Hizo kurasa nyingine kumi ni za nini? Mimi nadhani ni za woga. Kuandika na watu ni kukubali mtu mwingine amguse mhusika wako, ambadilishe, amvunje moyo. Fomu ndefu ni ukuta. Siku moja nilimfanya Zuhura adanganye kwamba babake amekufa. Mwenzangu akaruka: "Fomu inasema babake yuko Kitui!" Hakuuliza kwa nini Zuhura anadanganya, na hilo ndilo swali lililokuwa na hadithi ndani yake.

Kuna jambo linaniuma zaidi. Dada mmoja aliomba kujiunga nasi. Fomu yake ilikuwa na mistari mitatu: "Makanga. Anaogopa mbwa. Mmoja wenu anamdai." Sisi wakubwa wa kundi tukaijadili kama kamati ya basari. Historia haitoshi. Rudia. Akarudia. Tena haitoshi. Mara ya tatu akaondoka bila neno. Niliyeirudisha mara zote tatu ni mimi, mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili akilia kwamba amechoshwa na ofisi zinazotaka fomu kabla hazijamsikiliza.

Mpaka leo sijui makanga yule alidaiwa na nani. Ningetaka sana kujua. Kurasa zangu 11 hazijawahi kumfanya mtu yeyote atake kujua chochote.

Kwa hivyo pendekezo langu ni hili. Andika jina. Andika kile ambacho watu wanaona wakikutana naye. Andika anachotaka. Andika asichoweza. Na andika mambo ambayo wewe mwandishi hutaki afanyiwe bila kuulizwa kwanza. Huo mstari wa tano usiuruke kamwe, kwa sababu unamlinda mtu halisi aliyeshika simu. Basi, anza.

Mengine yaingie kwenye fomu baada ya kutokea. Zuhura akitoa zile 200 bob, andika: alitoa. Akinyima, andika: alinyima. Ukarimu wake tutaujua hapo, sote pamoja.

Na kama wewe ni yule dada wa makanga, nafasi yako bado ipo. Hatutakuuliza rangi ya macho.