Asili ya Jina Si Hati ya Kumiliki Mtaa: Majina ya Kigaeli Magharibi mwa Belfast

Uchunguzi wa asili ya majina ya mahali aghalabu hugeuzwa kuwa mashindano ya nani mwenye mji. Kosa hilo hudhihirika magharibi mwa Belfast, Ayalandi ya Kaskazini. Huko, maeneo ya Shankill na Falls yametenganishwa kwa kuta tangu mwaka 1969: katika la kwanza huishi hasa Waprotestanti wanaotetea muungano na Uingereza, na katika la pili Wakatoliki wanaotaka Ayalandi moja.

Kiisimu, majina yote mawili ni ya Kigaeli. Shankill ni Seanchill: sean, yaani '-a kale', na cill, 'kanisa'. Katika Kigaeli, s inayofuatwa na e hutamkwa kama sh ya Kiswahili. Tahajia ya Kiingereza imenasa sauti hiyo na kuficha mofimu. Falls nalo latokana na Tuath na bhFál, 'eneo la nyua', lakini umbo lake la leo lafanana na neno la Kiingereza lenye maana ya maporomoko. Hata Belfast ni Béal Feirste, 'mdomo wa fungu la mchanga', ambamo feirste ni uhusika milikishi wa fearsaid.

Wapo wanaodai kwamba Kigaeli hakiwahusu wakazi wa Shankill, na wapo wanaoitumia etimolojia kuwaita wakazi hao wageni. Pande zote mbili zimekosea. Etimolojia huthibitisha kuwa lugha fulani ilizungumzwa mahali fulani. Haithibitishi haki wala imani ya mtu. Isitoshe, baadhi ya walowezi Waskoti wa karne ya 17 walizungumza Kigaeli.

Mwaka 2022 Halmashauri ya Jiji la Belfast ilipitisha sera inayoruhusu kibao cha mtaa cha lugha mbili iwapo angalau asilimia 15 ya wakazi wataunga mkono. Hapa mwanaisimu ana wajibu mahususi. Kuandika Seanchill ni kurejesha umbo asilia. Kulipa Victoria Street jina la Kigaeli ni kutafsiri jina lililobuniwa kwa Kiingereza. Mambo yote mawili yaweza kuwa halali, lakini si jambo moja. Tofauti hiyo ielezwe wazi kabla ya wakazi kuulizwa. Uamuzi ni wao. Ushahidi ni juu yetu, nao hauna upande wa ukuta.