Vibanda na Majira Yake

Msomaji aliyezoea kuiona Ramadhani ikitembea, mara ikiangukia kaskazi na mara kusi, hatastaajabu kusikia kwamba Mayahudi nao huhesabu miezi kwa kuandama. Atakalo kujua ni imekuwaje sikukuu zao zisihame majira. Taurati iliwaamuru waifanye Pasaka wakati wa masuke mabichi ya shayiri, na maadamu mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, wao huongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19, hata hesabu ikarejea mahali pake.

Toleo hili tumelitenga kwa kalenda za dini, nami nimeichagua Sikukuu ya Vibanda iwe mlango wake, kwani maana yake haifahamiki mpaka ufahamike wakati wake. Huingia tarehe 15 Tishri, mwezi ukiwa mpevu, siku chache baada ya mfungo wa Yom Kippur, ambao aghalabu mtu hata hajapumzika nao huenda akasimamisha nguzo ya kwanza; kisha hukaa siku 7 chini ya matawi au makuti ya mtende, mazito hata kivuli kikazidi jua, mepesi hata nyota zikaonekana, kwa kukumbuka vibanda vya Wana wa Israeli walipotolewa Misri.

Lakini Misri walitoka mwezi wa Nisan, ule wa Pasaka. Mbona ukumbusho ukawekwa miezi sita baadaye? Jawabu nilipendalo kuliko yote ni la Yaakov ben Asher, mwanachuoni wa Toledo katika karne ya 14: kwamba joto linapoanza kila mtu hutoka kutafuta kivuli, na akaaye kibandani hajulikani kama anatii au anapunga upepo, bali mvua zikurubiapo, watu wote wakiingia majumbani, yeye ndiye atokaye, na kila amwonaye hujua kwamba ni kwa amri ya Mola wake.

Fauka ya hayo, ndiyo siku za mavuno, ghala zimejaa, na nafsi ya mkulima imetulia nyuma ya kuta zake. Ndipo aambiwapo aziache. Wala haamriwi kujitesa: mvua ikinyesha hata kuharibu uji wake, ana ruhusa ya kuingia ndani, ingawa Mishna, kitabu cha kale cha sheria za Kiyahudi, huifananisha mvua hiyo na mtumwa aliyekuja kumjazia bwana wake kikombe, akamwagiwa mtungi usoni. Kwa hiyo sala ya mvua, ambayo nchi kavu ya Israeli inaihitaji mno, huzuiliwa mpaka siku ya 8, ili asiwepo aiombaye angali na bakuli lake kibandani.