Kumbukumbu za Kompyuta Kuukuu Si Jambo la Kubahatisha

Imekuwa desturi mbaya katika baadhi ya shule zetu kwamba kompyuta kuukuu ikikataa kuwaka baada ya kuongezewa kumbukumbu, huhukumiwa mara moja kuwa imekufa. Hubebwa hadi bohari, ikapangwa juu ya madawati yaliyovunjika, na huko hukaa mpaka mkaguzi wa mali aamuru itupwe. Mara nyingi mashine hiyo haina ugonjwa wowote. Kilichotokea ni kwamba imepewa moduli ya kumbukumbu isiyopatana nayo, na hapana mtu aliyeketi kuhesabu.

Makala haya yanatetea kuhesabu. Wako mafundi ambao huchomeka moduli hii, wakaichomoa, wakachomeka ile, mpaka moja ikubali. Njia hiyo huweza kufaulu, lakini mwenye kuifuata hajui kwa nini amefaulu, wala hataweza kumfundisha mwenziwe. Kwa maoni yangu, mwalimu wa fizikia au wa hisabati mwenye kompyuta tatu za mwaka 1998 katika bohari yake ana maabara bora kuliko anavyodhani.

Yafaa kwanza ieleweke kilichomo ndani ya moduli. Mwaka 1968 Robert Dennard, mhandisi wa IBM huko Marekani, alipewa hataza ya seli ya kumbukumbu yenye transista moja na kapasita moja tu. Tuseme kapasita ikiwa na chaji husomwa 1, na ikiwa tupu husomwa 0. Lakini chaji huvuja, kama maji katika mtungi wenye ufa, kwa hiyo kila seli hapana budi ihuishwe tena na tena. Katika chipu za SDRAM zilizoenea mwishoni mwa miaka ya 1990, seli zote huhuishwa katika kila muda wa milisekunde 64. Seli hizo zimepangwa kwa safu za kulala na safu za kusimama, mfano wa viti vya ukumbini, na kila seli ina anwani yake. Anwani hupelekwa kwa nyaya. Na idadi ya nyaya hizo ndiyo chanzo cha matatizo mengi tunayoyaita maradhi.

Chukua bodi kuu zenye chipu za udhibiti za Intel 440BX, zilizotoka mwaka 1998 na kutumika katika kompyuta nyingi za Pentium II na Pentium III. Mtu hununua moduli ya megabaiti 256, akaichomeka, mashine ikawaka bila manung'uniko, na kwenye kioo ikaandika megabaiti 128. Muuzaji hulaumiwa kwa udanganyifu. Basi na tuhesabu. Moduli ya zamani ya megabaiti 256 ilikuwa na chipu 16, kila moja ya megabiti 128. Chipu ya namna hiyo inayotoa biti 8 kwa mara moja ina anwani za biti 24: biti 12 za safu za kulala, 10 za safu za kusimama, na 2 za kuchagua benki. Mbili kwa kipeo cha 24 ni 16,777,216. Zidisha kwa biti 8, utapata megabiti 128 kamili. Moduli mpya zaidi ya ukubwa ule ule ina chipu 8 tu, kila moja ya megabiti 256, nayo hudai biti 13 za safu za kulala badala ya 12. Kidhibiti cha 440BX hakijui kuitumia biti hiyo ya kumi na tatu. Nusu ya ukumbi ina viti, lakini haina mlango. Muuzaji hakudanganya, na moduli ni nzima. Wawili hawa hawapatani tu. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyejifunza vipeo aweza kulitambua jambo hili kwa kuhesabu chipu kwa macho kabla ya kuchomeka chochote.

Kompyuta za kabla ya hapo zina hesabu nyepesi zaidi. Moduli yenye pini 30 hutoa biti 8 za data. Kichakato cha 486, kilichotoka mwaka 1989, husoma biti 32 kwa mara moja, hivyo moduli hizo hupangwa nne nne zilizo sawa. Moduli yenye pini 72 hutoa biti 32, hivyo moja yatosha kwa 486, lakini Pentium ya mwaka 1993, yenye njia ya biti 64, huhitaji mbili. Anayechomeka moja katika bodi ya kawaida ya Pentium na kuona kioo cheusi hana haki ya kumlaumu mtengenezaji.

Si kila kosa huishia kwenye kioo cheusi. Chipu za 4116, za kilobiti 16, zilihitaji umeme wa namna tatu: volti 5, volti 12, na volti 5 hasi. Chipu za 4164 zilizozifuata zina umbo lile lile na pini 16 zile zile, lakini huhitaji volti 5 pekee. Na pini ya 8, iliyopokea volti 12 katika chipu ya kwanza, ndiyo inayopokea volti 5 katika ya pili. Ukiichomeka 4164 katika soketi ya 4116 bila kubadili nyaya za bodi, utaiunguza. Kufanana kwa umbo si ushahidi wa kupatana. (Waingereza waliounda Sinclair ZX Spectrum mwaka 1982 walifanya hila ya kupendeza: katika mashine ya kilobaiti 48 waliweka pia chipu za kilobiti 64 ambazo nusu yake ilikuwa na kasoro, wakazitumia kama za kilobiti 32. Sharti lilikuwa chipu zote nane ziwe nzima katika nusu moja, na waya mdogo wa bodi uonyeshe ni nusu ipi. Fundi anayezibadilisha leo bila kuangalia waya huo hujitafutia taabu.)

Utaratibu wa uchunguzi ni uleule wa maabara yoyote. Umeme ukatwe, na mkono uguse chuma cha kasha ili umeme tuli utoke. Miguso ya moduli ifutwe kwa kitambaa chenye spiriti safi. Kisha zichukuliwe moduli mbili na soketi mbili, zijaribiwe kwa njia zote nne, moja moja, na matokeo yaandikwe. Kosa likifuata moduli, moduli ndiyo yashukiwa. Likibaki mahali pamoja, soketi ndiyo yashukiwa. Bado moduli iliyoshukiwa yaweza kuwa nzima: ikikubaliwa na mashine ya aina nyingine, basi tatizo ni upatanifu, na hesabu ya anwani irudiwe. Mashine ikiwaka lakini ikawa yakwama ovyo, programu ya Memtest86, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Chris Brady, iachwe ifanye kazi usiku kucha. Kasha la umeme na kioo cha kizamani visifunguliwe na wanafunzi kabisa.

Wako watakaouliza faida ya kuhangaika na mashine hizi, ilhali simu ya mfukoni ina kumbukumbu kubwa mara elfu. Swali ni la haki. Lakini katika simu hiyo kumbukumbu imefungwa pasipoonekana, na mwanafunzi hawezi kuichomoa, kuihesabu, wala kuikosea. Hata leo moduli ya DDR5 haiingii katika soketi ya DDR4; sheria zimebadilika namba, hazikubadilika tabia.

Naomba basi walimu wa sayansi wafungue bohari kabla ya mkaguzi. Kila moduli iandikwe katika daftari: idadi ya pini, idadi ya chipu, namba zilizochapwa juu yake, na mashine iliyoikubali au kuikataa. Ile iliyokataliwa ihifadhiwe katika mfuko wa kuzuia umeme tuli hadi ijaribiwe katika mashine nyingine, hata kama mashine hiyo iko katika shule ya jirani.