Mtafiti wa Kiswahili na Miongozo ya Kielektroniki ya Hifadhidata: Maoni

Makala haya mafupi yanakusudia kujadili jambo ambalo ni nadra kuguswa katika majarida ya lugha, nalo ni namna mtafiti wa Kiswahili anavyoipata na kuitumia miongozo ya programu za hifadhidata. Huenda wapo watakaoona kuwa hiyo ni shughuli ya mafundi wa kompyuta. Sisi hatuoni hivyo. Kamusi, makusanyo ya methali, tenzi na matini za magazeti sasa huhifadhiwa na kuchambuliwa kwa programu za namna hii, na mtafiti asiyeweza kuusoma mwongozo wa chombo chake hana budi kuuliza maswali yale tu ambayo fundi amemwachia nafasi ya kuyauliza.

Hali haikuwa hivi siku zote. UNESCO ilipoitoa programu ya CDS/ISIS kwa ajili ya kompyuta ndogo mwaka 1985, maktaba na vituo vingi vya nyaraka barani Afrika viliipata bila malipo, na mwongozo wake ulikuwa kitabu kilichopigwa chapa. Kitabu kilikuwa na sifa zake: kilisomeka hata umeme ulipokatika. Kasoro yake ni kwamba nakala ilikuwa moja, na kwa kawaida ilikaa katika kabati la mkuu wa sehemu. Leo kabati limefunguka. Mwongozo wa PostgreSQL, programu tutakayoitumia kama mfano kwa kuwa ni huria na haina gharama, una zaidi ya kurasa elfu mbili, na mtu yeyote anaruhusiwa kuunakili, kuutafsiri na kuugawa.

Hata hivyo, kupatikana kwa mwongozo si sawa na kufikiwa kwake. Programu hii hutolewa katika toleo kuu jipya kila mwaka, na kila toleo hutunzwa kwa muda wa miaka mitano tu. Kila toleo lina mwongozo wake. Mwanafunzi anayetafuta jibu katika intaneti mara nyingi huangukia ukurasa wa toleo la zamani, au la mbele kuliko lile alilo nalo, akafuata maelekezo yasiyokubaliana na chombo chake, kisha akaamini kwamba yeye ndiye asiyeelewa. Kabla ya kusoma lolote, aiulize programu yenyewe ni toleo lipi, ndipo achague mwongozo unaolandana nalo. Aidha, mwongozo mzima waweza kuchukuliwa kama faili na kuwekwa ndani ya kompyuta, na muhtasari wa kila amri umo ndani ya programu yenyewe na husomeka bila intaneti. Ni ajabu kwamba wengi hulipia vifurushi vya data ili kusoma kile ambacho tayari wanacho.

Lakini tatizo lililo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni la kiisimu. Chukua neno ng'ombe. Katika lugha ya maulizo ya hifadhidata, ritifaa ndiyo alama inayofungua na kufunga matini. Anayeuliza habari za ng'ombe bila kujihadhari huwa ameyafunga matini yake baada ya herufi mbili, na programu humrudishia ujumbe wa kosa usiotaja ng'ombe wala ritifaa kwa namna atakayoitambua. Dawa yake ni nyepesi: ritifaa iandikwe mara mbili. Dawa hiyo imo mwanzoni mwa sura ya sintaksia, ikifafanuliwa kwa mfano wa farasi wa mwanamke mmoja wa Kizungu. Mwandishi wa mwongozo hakukosea; katika lugha yake ritifaa huonyesha umiliki. Katika Kiswahili ni sehemu ya fonimu. Isitoshe, programu za kuchapia maandishi hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na kwa hifadhidata hayo ni maneno mawili tofauti. Tena, mtambo wa utafutaji wa matini ndani ya PostgreSQL hulikata neno hili vipande viwili, ng na ombe, isipokuwa ukielekezwa vingine. Yeyote atakayehesabu marudio ya maneno kwa njia hiyo atapata nomino ambayo haimo katika kamusi yoyote ya Kiswahili, na pengine ataitolea maelezo ya kinadharia.

Suala la pili ni la viambishi. Mwongozo unaeleza kwamba faharasa ya kawaida husaidia utafutaji pale ambapo mwanzo wa neno unajulikana. Kwa lugha ambazo mabadiliko ya neno hutokea mwishoni, maelezo hayo yanatosha. Kwa Kiswahili hayatoshi hata kidogo. Mzizi -pig- umejificha katikati ya hawakupigwa, tulipigana na atakayempiga; mwanzo wa neno ni nafsi na wakati, wala si maana ya msingi. Mtafiti akitafuta kwa mzizi, faharasa ile haimfai, na programu hulazimika kupitia safu zote moja baada ya nyingine. Lipo suluhisho: ni nyongeza iitwayo pg_trgm, ambayo huyavunja maneno katika vikundi vya herufi tatu tatu na kuvitungia faharasa. Imeelezwa katika viambatisho, mwishoni kabisa mwa mwongozo, pamoja na nyongeza nyingine nyingi zisizomhusu mwanaisimu. Na hata hapo mizizi mifupi kama -l- na -f- haifaidiki, kwa kuwa haifikishi herufi tatu. Programu hiyohiyo huja na kanuni za kuyapunguza maneno hadi kwenye mashina kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kiindonesia, Kinepali na Kitamil. Kiswahili hakimo. Kukiingiza ni kazi ya wanamofolojia kabla ya kuwa kazi ya wanakompyuta.

Je, basi mwongozo utafsiriwe? Wajapani, Wafaransa na Warusi wamefanya hivyo, na wana vikundi vinavyoirudia kazi hiyo kila mwaka. Wapo watakaodai kwamba nasi tufanye hivyohivyo. Tunatofautiana nao. Mradi uliotoa programu ya ofisi ya Jambo kwa Kiswahili mwaka 2004, ukihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulithibitisha kwamba istilahi haziwezi kuwa kisingizio. Ila tafsiri isiyo na watu wa kuiendeleza hubaki na toleo lake, na mwongozo uliopitwa na wakati humpotosha msomaji kuliko ule wa lugha ya kigeni ulio sahihi. Wanaosema kwamba wanafunzi wa uzamili wote husoma Kiingereza, kwa hiyo pasifanywe lolote, nao hawajalijibu swali. Hata Mwingereza hawezi kulipata suala la ng'ombe katika faharasa ya mwongozo ule, kwa kuwa halikuandikwa kama suala.

Kinachohitajika ni mwongozo mdogo unaoanzia kwenye maswali ya Kiswahili: ritifaa, viambishi awali, mizizi mifupi, mpangilio wa ng na ng' katika kamusi, tahajia za tenzi zilizohamishwa kutoka hati za Kiarabu. Kila swali lionyeshe sura ya mwongozo mkuu inayohusika, na toleo lake. Kurasa arobaini zingetosha. Wakati wa kuuandika, itabidi tuamue pia kama tunasema hifadhidata au kanzidata, na kama faharasa ya kitabu na faharasa ya jedwali ziendelee kuitwa kwa jina moja. Sisi tungependa ziendelee, maana kazi yake ni ileile.

Wakati kijitabu hicho kikingojewa, idara zinaweza kuanza na mambo mawili yasiyohitaji fedha. Nakala ya mwongozo wa toleo linalotumika iwekwe katika kila kompyuta ya maabara ya lugha. Na katika sura ya mbinu za utafiti, mtahini adai jina la programu, namba ya toleo, na ulizo lenyewe lililotoa takwimu, liandikwe kama lilivyotumwa, pamoja na ritifaa zake.