Filimbi ya Mwamuzi wa Kijijini

Ufuta ukishavunwa, na kabla korosho hazijaanza kuokotwa, nchi ya Marambo hugeuka kuwa nchi ya mpira. Katika Nachingwea na Ruangwa huandaliwa mashindano ya vijiji na kata, mbuzi au seti ya jezi ikawekwa kuwa zawadi, na wananchi wakakusanyika jioni pembeni mwa kiwanja cha vumbi. Hilo ni jambo jema, wala si kusudi letu kulibeza. Lakini ipo aibu inayoandamana na furaha hiyo, nayo ni jinsi mwamuzi anavyotukanwa, anavyozongwa na pengine anavyopigwa.

Mwamuzi huyo ni mtu wa ridhaa kama walivyo wachezaji wenyewe. Mara nyingi ni mwalimu wa shule ya msingi, au kijana aliyepata mafunzo ya siku chache. Mchezo ukiisha, hurudi kulala katika kijiji kile kile alikomtoa mtu kwa kadi nyekundu. Wenzake wanaochezesha Ligi Kuu katika Uwanja wa Majaliwa mjini Ruangwa, nyumbani kwa Namungo iliyopanda daraja mwaka 2019 na kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2020, wana kamisaa wa mchezo, wana kamera na wana askari. Sheria ni zile zile 17. Kinachotofautiana ni nguvu iliyo nyuma ya filimbi.

Sheria zenyewe hazina upungufu. Kadi za njano na nyekundu zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 nchini Mexico. Mchezaji anayebishana na mwamuzi huonyeshwa ya njano. Anayetukana huonyeshwa nyekundu. Na tangu mwaka 2019 hata kocha na wenzake wa benchi huonyeshwa kadi. Linalobaki ni kuzitumia mapema. Waamuzi wetu wengi huvumilia matusi ya dakika ya 5 wakidhani wanatuliza mambo, kisha dakika ya 80 hasira huwapanda wakatoa kadi tatu kwa mpigo. Hapo watazamaji huona kisasi, hawaoni sheria. Waliopita chuoni walifundishwa kwamba kadhi hahukumu hali ameghadhibika, na mwenye filimbi ni kadhi wa dakika 90. Na amwite nahodha, aseme naye kwa sauti ya chini, awafukuze wengine wote. Katika fainali za Ulaya za mwaka 2024 nchini Ujerumani ulifuatwa utaratibu huo huo wa nahodha peke yake kumwendea mwamuzi, na mastaa wa dunia waliutii.

Hata hivyo, kadi ya njano ina udhaifu wake huku kwetu. Nani anayeweka daftari la kadi katika shindano la mbuzi? Kijana huonyeshwa njano Jumamosi, na Jumapili akaingia kiwanjani akicheka. Kumtoza faini mtu anayesubiri malipo ya korosho ni maneno matupu. Bodi ya sheria za mpira, IFAB, imeruhusu tangu mwaka 2017 vyama vya nchi kutumia katika mpira wa ridhaa na wa vijana adhabu ya kumtoa mchezaji kwa muda, nao ni kama dakika 10 katika mchezo wa dakika 90. Chama cha mpira cha Uingereza kiliifanyia majaribio, na kikatangaza kwamba ubishi dhidi ya waamuzi ulipungua kwa asilimia 38, kisha mwaka 2019 kikaieneza katika ngazi za chini. Wachezaji wa netiboli hawatashangaa, kwani kwao mwamuzi humtoa mkosaji kwa dakika 2. Adhabu ya namna hiyo haihitaji daftari. Timu huonja uchungu wake jioni ile ile, na wenzake ndio watakaomkanya.

TFF inao uwezo wa kuiruhusu. Nao ZFF waitazame, maana wasomaji wetu wa Visiwani wasidhani haya ni mambo ya Bara tu: anayekwenda viwanja vya mitaani vya Unguja na Pemba anaijua vyema sauti ya jazba dhidi ya mwamuzi.

Lakini kuna jambo zito kuliko kadi, na viongozi tunaomba wasikilize. Mwamuzi akiandika ripoti, huipeleka kwa kamati ya mashindano. Mara ngapi ripoti hiyo hufungiwa kwa sababu aliyetukana ni ndugu wa mwenyekiti, au timu iliyovamia kiwanja ni ya yule aliyetoa mbuzi? Mfadhili anayesimama kwenye mstari akipiga kelele kwamba refa amenunuliwa, huku amevaa kofia ya uongozi, amekwisha kuwapa vijana ruhusa ya kurusha mawe. Mgambo wakiletwa baada ya hapo wataokota majeruhi tu.

Kwa hiyo maafisa michezo wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa wasikubali shindano lolote lianze kabla ya kupokea kwa maandishi majina ya kamati ya nidhamu, ambayo mfadhili na viongozi wa timu si wajumbe wake, pamoja na ahadi kwamba ripoti ya mwamuzi itasikilizwa kabla ya mchezo unaofuata. Majina yasipoletwa, mbuzi aendelee kula majani.