TAHARIRI: PICHI MBICHI INATUHARIBIA JINA



Msimu wa pichi umefika tena hapa milimani Lushoto, na tayari matenga barabarani yamejaa matunda ya kijani, magumu kama mawe. Tunasema waziwazi: tabia hii ikome.

Wanaochuma mapema wana sababu, nasi tunazijua. Lori la mnunuzi linakuja siku linayotaka lenyewe, na sare za watoto hazingoji. Tena yupo nzi wa matunda aliyeingia Afrika Mashariki mwaka 2003. Ukichelewa anataga mayai ndani ya tunda. Yote hayo ni kweli. Lakini jamani, pichi si ndizi! Ndizi mbichi ukiivundika, wanga wake unageuka sukari. Pichi haina wanga wa kugeuza. Sukari yake inatoka kwenye majani, na nyingi inaingia siku zile za mwisho juu ya mti. Ukiichuma mbichi italainika, ndiyo, lakini utamu hauongezeki. Mlaji wa Tanga au Dar es Salaam anauma, anatema, na hanunui tena. Hapo bei ikishuka tumlaumu nani?

Basi dalili za kuiva ni hizi. Usidanganywe na wekundu, huo ni jua tu. Tazama rangi ya chini: kijani kimeisha, kimekuwa njano au cheupe. Nusa karibu na kikonyo, inanukia. Izungushe kidogo, inaachia tawi bila kuvutwa. Za safari ya mbali zichumwe rangi ikishabadilika lakini zingali ngumu kidogo.

La pili, tusichanganye aina katika tenga moja. Pichi ya nyama nyeupe ni tamu, haina uchachu mwingi, na inapondeka upesi. Hiyo ni ya kuliwa hivi hivi, iuzwe karibu. Ya nyama ya njano ina uchachu unaopendeza, hata ikipikwa ladha yake haipotei. Kuna ambayo kokwa inabanduka yenyewe, hiyo ni nzuri kukatwa na kukaushwa juani. Ile ya kokwa kung'ang'ania nyama kwa kawaida haivurugiki haraka sufuriani. Mnunuzi akijua anachonunua, anakubali bei.

La tatu, zilizoiva kupita safari zisioze shambani. Kina mama wa jikoni, jamu hii haina ugumu. Tumbukiza pichi katika maji yanayochemka kwa nusu dakika, kisha katika maji baridi. Ganda litavulika lenyewe. Toa kokwa. Kwa kilo 1 ya nyama weka maji kidogo, chemsha hadi ilainike, tia robo tatu kilo ya sukari na maji ya malimau 2, koroga bila kuacha. Dondosha tone kwenye sahani baridi: ukilisukuma kwa kidole likajikunja, tayari. Mimina ingali moto katika chupa zilizochemshwa dakika 10. Limau usilisahau, ndilo linalosaidia jamu kuganda na kutoharibika. Na watoto wasivunje kokwa kula kiini, kina sumu.

La mwisho, pichi zilizoanguka na zenye funza zifukiwe shimo la nusu mita au zaidi. Ukiziacha chini ya mti, unafuga nzi wa jirani yako. Nzi akipungua, hata ile sababu ya kuchuma mbichi inapungua.

Tunaomba mkutano mkuu upange siku moja ya kuchuma na siku moja ya lori kwa wanachama wote. Mtu mmoja peke yake hawezi kumwambia mnunuzi angoje siku nne. Kijiji kizima kinaweza. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na ushirika.

Umoja ni nguvu!

Wahariri